Niliandika Kwamba Hakuwepo

Jumatatu, tarehe kumi na moja Novemba. Mawingu tangu alfajiri upande wa mashariki, upepo wenye vumbi, joto. Mvua bado.

Ndivyo ninavyoanza kila ukurasa, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kazini. Nilikuwa nyapara wa gengi la reli, watu wanane na mimi wa tisa, na kila asubuhi kabla mtu hajashika mtarimbo nilifungua kitabu nikaandika tarehe, hali ya hewa, kazi ya siku, na majina ya waliofika. Aliyefika nilimwekea alama ya vema. Asiyefika nilimwekea X. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nusu yake nilikuwa nachunga mbuzi, kwa hiyo nikipotea njia katika maelezo haya msomaji anivumilie. Lakini X naijua. Nimeandika nyingi, na leo nataka kueleza habari ya moja.

Kwanza niseme nilivyoacha kazi, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tunashusha mataruma kwenye toroli, yale magogo mazito yanayolala chini ya reli. Ilikuwa kipande kisicho mbali na Goweko, nilikozaliwa. Kila asubuhi niliwaambia wenzangu wasisimame upande wa chini mzigo unaposhuka. Siku hiyo nilisimama upande wa chini. Nilitaka kuangalia kama kamba imekaza. Taruma likateleza likanipiga shingoni. Baadaye watu walinitafutia wa kumlaumu, wengine wakamtaja mwenzetu aliyeshika kamba. Kamba ilikuwa nzima na yule mwenzetu hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na nilisema hivyo katika maelezo, nikaandikiwa na mtu mwingine kwa kuwa mkono wangu ulikuwa haujarudi.

Uti wa mgongo uliumia pale shingo inapokutana na mabega. Mikono ilirudi nusu. Naweza kuinua kikombe kwa viganja viwili. Vidole havikazi, kwa hiyo kalamu nafungiwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na mwandiko wangu ni wa mtoto wa darasa la kwanza. Kuanzia kifuani kwenda chini sina habari. Mkojo unatoka kwa mpira na haja kubwa inatoka inapotaka yenyewe. Naandika haya kwa sababu yanahusika, si kwa kupenda.

Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nikastaafishwa kwa ugonjwa. Gengi zima lilikuja nyumbani kwangu hapa Cheyo na zawadi ya saa ya ukutani. Mmoja wao, ambaye nilimwekea X nyingi kuliko wote, akasimama kutoa hotuba. Akasema, "Nyapara, sasa zamu yetu. Tutakuwa tunapita hapa asubuhi kuangalia kama umefika." Tulicheka wote. Wakati nacheka, mfuko wa mkojo ulioning'inia kwenye kiti cha magurudumu ukawa unajaa mbele yao, na wote wakageuka kutazama dirishani kana kwamba kuna garimoshi linapita. Ndiyo siku niliyojua kwamba nimeacha kazi kweli.

Ile saa ilikuja kuwa na kazi kuliko walivyofikiri. Hospitali walituambia mtu asiyesikia ngozi yake lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama inaoza mahali alipolalia. Kwa hiyo mimi niliyeishi kwa ratiba ya treni sasa naishi kwa saa ya kugeuzwa. Na kwa kuwa sikujua kukaa bila kitabu, nilimwagiza mwanangu daftari gumu, nikaanza kitabu cha nyumbani. Tarehe, hali ya hewa, saa niliyogeuzwa, na nani aliyenigeuza. Mke wangu alicheka mwanzoni. Akaniuliza, "Na mimi nikikosa utanikata siku?" Lakini akazoea, na baadaye akawa ananikumbusha mwenyewe, baba watoto hujaniwekea vema.

Kazini nilijivunia kitu kimoja tu. Katika miaka yote ile sikumwandikia X mtu aliyefika. Siku moja nilichelewa mimi mwenyewe kwa sababu ya tumbo, nikajiandikia X, na wale wanane wakanicheka wiki nzima. Habari hiyo ilifika hadi nyumbani kwangu, na mwanangu alikua akiisikia.

Katika nyumba yetu tuko watu wachache. Mke wangu na mimi. Mwanangu, dereva wa lori la mpunga, hulala barabarani siku nne au tano kabla hajarudi. Na mke wake, ambaye alimpata Igunga katika safari hizo, mtoto wa wafugaji, na binti yao wa miaka miwili. Huyu mke wa mwanangu ndiye nitakayemwita mkwe wangu.

Kwetu baba mkwe na mkwe wake wa kike wana heshima kali. Haingii chumba ninacholala. Hakalii kiti changu. Hanioni bila shati. Tangu nilipoletwa nyumbani nikiwa mzigo, alikuwa akileta uji asubuhi mpaka mlangoni kwangu, nje ya pazia, anauweka juu ya stuli, anapiga goti, anasema "Shikamoo baba," mimi naitika "Marahaba mwanangu," kisha anaondoka, na mke wangu anakuja kuuingiza. Miaka mitatu namjua kwa sauti na kwa ncha ya kanga chini ya pazia. Mchana nikitolewa barazani ananisalimia kwa mbali. Sina neno baya la kusema juu yake. Uji haujawahi kuwa baridi.

Mwezi wa tisa mwishoni kaka wa mke wangu alifariki Goweko. Ilibidi mke wangu aende msibani siku tatu. Mwanangu alikuwa safarini. Tukapanga na jirani yetu, mzee mwenzangu tunayesali naye kanisa moja la Moraviani, awe ananigeuza na kunisafisha. Ni mtu mwenye nguvu na mwenye maneno. Siku ya kwanza alinibeba mgongoni hadi bafuni, na nilipoomba radhi kwa uzito wangu akasema, "Nyamaza wewe. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, mimi nitashindwa kukufikisha chooni?" Nikamwekea vema tano siku hiyo.

Siku ya pili ilikuwa Jumanne. Alinigeuza saa moja asubuhi, akaniacha nimelalia mgongo ili ninywe uji, akasema atarudi saa tatu. Saa tatu hakuja. Na kabla ya saa nne tumbo lilifungua lenyewe. Silisikii likifungua. Nalijua kwa harufu, kama anavyolijua mtu mwingine yeyote aliyepo.

Mkwe wangu alikuja mlangoni mara nne. Naandika mara nne kwa sababu saa ilikuwa mbele yangu ukutani na sikuwa na kingine cha kutazama.

Saa nne alisema nyuma ya pazia kwamba jirani hajafika, je, kuna shida? Nikasema hakuna. Saa tano akarudi, akasema amekwenda kwa jirani amekuta kumefungwa na simu haipatikani. Akauliza kama amwite muuza mkaa wa pale kona, ni mwanamume, anaweza kunigeuza. Nikasema hapana, sitaki muuza mkaa, nimeshajigeuza mwenyewe. Ulikuwa uongo, na sauti yangu ilitoka mahali palepale ilipotoka asubuhi. Saa sita akaja tena. Niliona ncha ya kanga yake haiondoki. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Baba, niruhusu niingie. Nitafumba macho."

Nilimfokea. Nikamwambia mkwe haingii humu, na kama kwao Igunga wanaingia basi hapa si Igunga. Alisema "Sawa baba, nisamehe." Saa nane kasoro robo alikuja mara ya nne, hakusema kitu, aliweka maji ya kunywa kwenye stuli nisikoweza kufika, akasimama, akaondoka. Nadhani alikuwa anangoja niseme. Sikusema.

Jirani alifika saa nane na nusu akitweta. Mke wake alizidiwa na presha ghafla, akampeleka hospitali, simu ikazima. Hana lawama hata kidogo. Alinivua, akaona, akanisafisha bila neno, yeye ambaye hakosi neno. Mwisho akauliza tu, "Mkweo alikuwa wapi muda wote huu?" Nikajibu, "Sijui."

Naona hapo ndipo nilipoanza. Neno dogo, sijui. Jioni jirani aliponifungia kalamu niliandika siku yangu kama kawaida. Jumanne, jua kali, hakuna upepo. Jirani, saa moja asubuhi, saa nane na nusu mchana, na jioni. Chini yake nikaandika mkwe, na mbele yake nikaweka X.

Nimejiuliza kwa nini. Nimejiambia vidole vilichoka na X ni rahisi kuliko kuandika maelezo. Ni kweli ni rahisi, lakini si sababu. Nimejiambia pia kwamba kwa kuwa hakuingia, basi ni kama hakuwepo. Hilo ni la mwanasheria na mimi si mwanasheria. Nadhani nilikuwa na hasira naye kwa sababu alijua. Alisimama pale, harufu ikamfikia, akajua, na jioni hiyo, kabla sijaandika, alileta chakula akapiga goti akasema shikamoo kwa sauti ileile, kana kwamba hajui. Kama angekasirika ningeona nafuu. Labda nakosea, labda nilikuwa na roho mbaya tu.

Mke wangu alirudi Alhamisi jioni. Ijumaa akiniogesha, akaona kidonda juu kidogo ya makalio, upana wa kizibo cha soda, cheusi katikati. Tulikwenda zahanati. Nesi akasema hiki ni cha mtu aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa, akamtazama mke wangu, na mke wangu akatazama chini kana kwamba ni yeye. Tulipofika nyumbani aliniuliza nini kilitokea siku ambazo hakuwepo. Mimi hata uongo sikuusema kwa mdomo. Nilisema, "Angalia kitabu."

Akaangalia. Kisha akatoka kwenda uani, na kupitia ukuta nilisikia mengi. Sitayaandika yote, kwa sababu aliyasema akiwa anaamini nilichoandika. Alisema mwanamke mzima amekaa anasuka nywele mume wa mtu anaoza ndani. Alimwita mvivu, mtoto wake akiwa amemshika kanga analia. Nilisubiri nisikie mkwe wangu akijibu. Nilijua jibu lake, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta la kumpinga. Alisema tu, "Nisamehe mama."

Sijui kwa nini hakusema. Nasema ninachodhani. Ili ajitetee ingembidi aseme kwamba aliomba kuingia kumwona baba mkwe wake uchi, na kwetu hayo ni maneno ambayo mwanamke hayatoi kinywani. Na ingembidi aseme kwamba mimi ni mwongo. Nilikuwa nimemfungia milango yote miwili.

Mwanangu alirudi Jumapili. Akamwuliza mke wake alikuwa wapi siku ile. Akasema, "Nilikuwepo." Mwanangu akasema baba ameweka X. Akaongeza, kwa sauti ya kumaliza mambo, kwamba kitabu cha baba hakijawahi kusema uongo. Niliyasikia hayo nikiwa kitandani. Na naomba niandike hili hata kama linanitia aibu kuliko mengine yote, kwamba kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kusifiwa.

Jumatatu asubuhi mkwe wangu alikuja mlangoni bila uji. Niliona kanga na chini yake viatu vya safari, na vidole vya mtoto vikishika pazia. Akasema, "Baba, naondoka. Shikamoo." Nikasema, "Marahaba. Safari njema." Akapanda basi la Igunga.

Hayo yalikuwa wiki sita zilizopita. Kidonda bado kiko wazi. Mwanangu alipita Igunga na lori mara tatu bila kusimama. Mke wangu alianza kusema kwamba mwanamke wa namna ile ni afadhali aachwe mapema. Mimi nilikuwa naandika tarehe na hali ya hewa.

Wiki iliyopita wazazi wake walituma salamu kwamba wanakuja kusikia binti yao amefukuzwa kwa kosa gani, na kama ndoa imekwisha waambiwe. Siku waliyosema ni leo. Mwanangu aliingia chumbani kwangu jana akaniambia nisiwe na wasiwasi, sitahitaji kusema mengi, kitabu kitakuwa mezani.

Leo asubuhi mke wangu alipokwenda sokoni, nilibaki peke yangu barazani na kitabu juu ya mapaja. Nilijaribu kuuchana ule ukurasa. Vidole havikukaza. Nikauinamia, nikaushika kwa meno, nikavuta. Kona ililowa mate, ikakunjamana, haikuchanika. Niliposikia mke wangu anafungua mlango wa uani nilifunga kitabu. Mzee wa miaka sitini, aliyesimamia gengi, anatafuna karatasi kama mbuzi.

Wageni walifika saa tano. Baba yake mkwe wangu, mtu mrefu mkimya, kofia mkononi, na shangazi yake, mama mfupi mwenye macho yasiyopumzika. Walileta mchele gunia dogo. Mkwe wangu hakuja. Tulisalimiana kwa urefu, habari za Igunga, habari za ng'ombe, habari za mvua. Walipewa maji. Jirani yetu aliitwa akae kama shahidi. Kisha mwanangu akafungua kitabu, akapata ukurasa, akaupapasa ule mkunjo kwa kidole bila kuuliza, akasoma kwa sauti mpaka mwisho. Mkwe, X.

Baba yake akauliza, "Hiyo X maana yake nini?"

Mwanangu akasema, "Hakuwepo."

"Alikuwa amekwenda wapi?"

Mwanangu akaurudia ukurasa kwa macho. Nadhani tangu siku ile alipomwuliza mke wake hakuwa amejiuliza tena. Shangazi akazungusha macho barazani, akahesabu milango kwa kidole.

"Nyumba ina vyumba vitatu," akasema. "Sasa binti yetu alipotelea kipi? Maana sisi tunaochunga, ng'ombe akipotea tunajua kapotelea pori gani."

Mke wangu akasema huenda alikuwa kwa majirani anapiga soga. Jirani akakohoa. Akasema yeye alipofika saa nane na nusu alimkuta yule binti amekaa chini, hapo hapo kando ya pazia, ameegemea ukuta, mtoto amemlalia mapajani, na stuli yenye maji pembeni. Akasema hakulitaja kwa sababu hakuna aliyemwuliza, na kwamba aliponiuliza mimi nilisema sijui. Hakunitazama wakati anasema. Ni mtu mwema.

Sikujua hilo la kukaa chini. Kutoka kitandani nilikuwa naona ncha ya kanga tu alipokuwa amesimama. Nilidhani alipoondoka kwenye pazia alikuwa amekwenda zake. Kumbe alikaa hapo muda wote, ukuta mmoja kati yetu, akisikiliza kama nitaita.

Nilisema, "Alikuwepo."

Mke wangu akasema nisijichoshe, nipumzike. Nikasema sijachoka. Nikaeleza. Nilianza na saa nne, nikaenda na saa zangu moja moja, muuza mkaa, kujigeuza kwa uongo, kufumba macho, maneno niliyosema juu ya Igunga. Nilitaka kuruka habari ya tumbo, kwa sababu baba yake ni mkwe wangu pia na nina heshima naye. Lakini bila tumbo ningeonekana mtu aliyekataa kugeuzwa kwa ukaidi tu, na hiyo nayo isingekuwa haki, hata kama ni haki inayonipendelea mimi. Nikasema nilikuwa nimejichafua na sikutaka aone. Nikasema X niliiweka nikijua. Nilipomaliza nilisikia saa ukutani chumbani, milango ikiwa wazi.

"Mara nne?" mke wangu akauliza.

"Mara nne."

Akainuka. Alisimama nyuma ya kiti changu nisipoweza kumwona. Akasema polepole, "Nilimwita mvivu mbele ya mtoto wake." Kisha akaenda jikoni, nikasikia sufuria zinawekwa chini kwa nguvu.

Shangazi akaniambia, bila ukali, na ningependa angekuwa na ukali: "Kwetu hajasema neno moja juu yako. Kila tukimwuliza anasema nilikosa. Ulikosa nini? Anasema, ningeingia tu."

Baba yake aligeuzageuza kofia kwa muda. Nikadhani atasimama aondoke, na ningemwona ana haki. Mwisho akasema, "Mkwe, hata mimi ningemkataza. Asingeingia kwangu hata kama nakufa." Akaweka kofia gotini. "Ila kuandika, nisingeandika."

Shangazi akasema basi iandikwe upya. Mwanangu, ambaye uso wake sikuweza kuutazama, akachukua kalamu akataka kuifuta ile X kwa kuichorachora. Nikamkataza. Kazini kitu kilichoandikwa hakifutwi. Unaandika sahihi yake pembeni, unaweka tarehe na jina lako, ili anayekuja nyuma aone kosa na aone nani alilikosea. Alinifungia kalamu. Nikaandika: Alikuwepo. Alikuja mara nne. Nilimkataza mimi. Ilichukua muda mrefu na watu wanne wakanisubiri, herufi zikipanda na kushuka. Jirani alitaka kunisaidia kushika karatasi, shangazi akamwambia, "Mwache, alipoweka X nani alimsaidia?" Jirani akarudisha mkono.

Mwanangu akapiga picha ukurasa kwa simu yake, na ule mkunjo wa mate kwenye kona, akatoka nayo nje kumtumia mke wake. Alikaa huko muda. Aliporudi hakusema kama amejibiwa.

Nilidhani tumemaliza. Shangazi akasema bado. Akasogeza kiti chake mbele yangu hadi magoti yake yakakaribia yangu, ambayo hayasikii.

"Baba, nina swali moja na sitaki unijibu kwa adabu. Akirudi, na siku moja mama hayupo na jirani hajafika. Ataingia au hataingia?"

Wote walikuwa wananitazama, hata mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Nilifikiri kusema tutatafuta mtu. Nilifikiri kusema Mungu atajalia. Nilimwona mkwe wangu akilini, ndani ya chumba kile na beseni, na mimi nilivyo. Mwili ambao hausikii moto ulinichoma usoni.

Nikasema, "Ataingia."

"Na macho?"

Sikumwelewa haraka. Kisha nikaelewa.

"Asifumbe," nikasema. "Ataniangusha."

Jirani alicheka kwanza, halafu akaona kama amekosea, akaacha. Baba yake mkwe wangu alikuwa anatazama sakafu. Sijui kama alinidharau au alinihurumia, na sitaki kumwandikia asichosema.

Walikula mchana, wali wa mchele waliouleta wenyewe na kuku, wakaondoka kuwahi basi la saa tisa. Mwanangu aliondoka nao, begi moja, hajasema lini atarudi. Shangazi alisema mlangoni kwamba wao watayafikisha maneno, lakini kurudi ni kwake mwenyewe binti, hawatambeba. Nikasema ni sawa. Ni sawa kweli. Asiporudi nitajua ni kwa nini, na kitabu kitajua.

Mke wangu amenigeuza saa kumi na saa kumi na mbili, mikono yake haikuwa mikali. Kidonda alikisafisha kama kila siku. Alipomaliza nilimwambia nimekosa. Akasema, "Usiniambie mimi kwanza," akafunga chupa ya dawa.

Nimeweka vema mbili mbele ya mke wangu, moja mbele ya jirani aliyenitoa barazani asubuhi. Mbele ya mkwe sikuweka kitu, kwa sababu leo hana zamu.

Jioni tumekula ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde, kwa karanga. Kuku aliyebaki mke wangu amemfunika, hajasema anamwekea nani. Mimi nimekula barazani, yeye amekula jikoni.